Farasi wa Mjane Kinamasini

Mzoga ulikuwa umezama hadi mabegani, shingo imenyooshwa mbele kana kwamba farasi bado alitaka kufika ng'ambo. Maji meusi yalikuwa yamejaa puani mwake. Nzi walishaanza kazi yao.

"Ndiye huyo," alisema Sajini Heraty. "Wa mjane Lydon."

Inspekta Festus Mannion alichuchumaa ukingoni, pale ardhi ilipokuwa bado inabeba mtu. Mzoga ulikuwa wa farasi dume wa mbio, mwekundu, miguu mirefu, ngozi nyororo. Honor Lydon alimleta kutoka mashariki, kwenye nyasi tambarare, ili apande majike wa Connemara, poni wadogo wa huku, wazaliwe chotara wanaoruka viunzi. Tangu siku hiyo parokia ya Derryvane haikuwa na amani.

"Jeraha?"

"Hakuna. Daktari wa mifugo anasema alihangaika kwenye tope mpaka moyo ukasimama."

"Hatamu anayo bado. Haikukatika."

"Ndiyo, Inspekta. Aliletwa huku. Farasi wa mbio haingii kinamasini kwa hiari yake."

"Lini?"

"Jana, saa ya Misa. Mjane alimwacha bandani akaenda kanisani. Kurudi, banda liko wazi. Parokia nzima ilikuwa kanisani, isipokuwa mmoja." Sajini alitema mate pembeni. "Lackie Maughan, yule fundi bati wa mahemani. Mpishi wa padri alichelewa Misa kwa sababu ya mguu wake, akamwona Lackie akiongoza farasi jike kwenye barabara ya huku. Nimeshamtia ndani."

"Sawa," alisema Festus.

Neno hilo dogo lilikuja kumkaa kooni baadaye. Wakati ule lilitoka bila shida yoyote. Watu wa barabarani wanalala kwenye mahema na magari ya kukokotwa na farasi, leo hapa kesho kule, na kuku akipotea popote pale magharibi mwa Ayalandi, polisi huanzia kwao. Festus aliyajua hayo toka utotoni. Hakuona haja ya kuanzia kwingine.

Lackie alikuwa mtu mwembamba mwenye vidole vilivyoungua kwa risasi ya kuunganishia bati. Alikaa mahabusu amekunja mikono kwapani.

"Ulikuwa na farasi jike jana asubuhi."

"Nilikuwa naye."

"Wako?"

"Hapana, afande."

"Wa nani?"

Lackie alitazama sakafu.

"Ulikuwa unampeleka wapi?"

"Nilikuwa namrudisha."

"Kwa nani?"

"Hilo sisemi."

"Bwana Maughan, kosa hili ni miaka mitatu jela. Mkeo ana mimba?"

"Nan anajifungua mwezi huu."

"Basi nitajie jina la mwenye jike, utoke."

Lackie alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nilimpa mkono mtu kwamba sitasema. Wewe ukimpa mtu mkono, afande, unafanyaje?"

"Mkono wa fundi bati!" Sajini Heraty alicheka. "Hesabu vidole vyako baada ya kuupokea."

Festus hakucheka, lakini hakumnyamazisha Sajini pia. Aliandika hati ya mashtaka kwa mwandiko wake mzuri, akaigonga muhuri.

Kesho yake, Jumanne, ilikuwa siku ya soko. Mahakama ilikuwa upande wa pili wa mji, na gari la polisi lilikuwa limekwenda Galway. Wakampitisha Lackie kwa miguu katikati ya barabara kuu, pingu mikononi, Festus mbele na Sajini nyuma.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kumwasha Inspekta. Huku kwetu mtu akishikwa kwa kuua farasi, hata farasi wa adui, atatukanwa mpaka marehemu bibi yake ageuke kaburini. Na akiwa mtu wa barabarani, atarushiwa viazi pia. Festus alijiandaa kuzuia watu. Hakukuwa na wa kuzuiwa. Wanaume waliokuwa wakipatana bei za kondoo waliinamia kwato za kondoo. Wanawake waliingia dukani. Mzee Tom Keady, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa hata kwenye mazishi, aliziangalia buti zake kama mtu anayezisoma.

Haikuwa hasira. Festus aliijua sura hiyo, maana aliiona shuleni mwalimu alipouliza nani kavunja dirisha. Ilikuwa aibu.

Hakimu alimrudisha Lackie mahabusu, apelekwe jela ya Galway Alhamisi. Festus hakula chakula cha mchana. Alikwenda kwa mjane.

Honor Lydon alikuwa mwanamke mkubwa mwenye sauti ya mnadani. Alimwekea chai na mkate wa soda, akakaa bila kunywa.

"Mama Lydon, majike walikuwa wanaletwa kwa farasi wako?"

"Sijui."

"Unafuga dume la kupandisha, hujui kama linapandisha?"

"Mimi Jumapili naenda Misa, Inspekta. Nikiwa Misa sioni kitu."

Festus aliweka kikombe chini. "Saa ya Misa ndiyo walikuwa wanaletwa."

Mjane alipangusa makombo ya mkate mezani.

"Na nani?"

"Afadhali uniulize nani hakuleta." Alianza kucheka, kicheko kikamfia. "Unakumbuka ule mkutano ukumbini? Bartley Faherty alisimama juu ya jukwaa, mwenyekiti wetu wa chama cha wafuga poni, machozi yanamtoka. Damu ya poni wetu isichafuliwe, babu zetu waliitunza hata mwaka wa njaa. Akasema, nyoosheni mikono kwamba hakuna atakayempeleka jike kwa farasi wa Lydon. Wote wakanyoosha. Hata mimi nilinyoosha, nitafanyaje? Jumapili ile ile wakaanza kuleta."

"Wenyewe?"

"Wenyewe wana uso wa kuonekana? Wenyewe wamepiga magoti kanisani. Lackie ndiye alikuwa anawachukua malishoni na kuwarudisha. Banda nilimwachia bila kufuli. Yeye nani atamuuliza kwa nini hayupo Misa?"

"Kwa hiyo ulijua tangu Jumapili kwamba Lackie hana sababu ya kumuua farasi huyo. Farasi huyo ndiye aliyekuwa anamlisha."

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Nikisema, nitataja na majike. Nikitaja majike, nani atakuja kwangu tena?"

"Farasi wako amekufa, mama. Waje kufanya nini?"

"Nitaleta mwingine," alisema Honor Lydon, kisha akajifunika uso kwa aproni kama mtoto. "Usiniangalie hivyo, Festus. Nimekwambia sasa."

Festus hakuwa na haki ya kumwangalia mtu vyovyote. Alichukua kofia yake, akarudi kinamasini peke yake. Jumatatu alikuwa ameangalia mzoga tu, kwa sababu mtuhumiwa alishapatikana. Kazi ya kukagua eneo la tukio, ambayo anawafundisha makuruta mjini, hakuifanya.

Mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima, muujiza kwa nchi ile, na tope lilishika alama vizuri. Kwenye njia ya kinamasini aliziona nyayo za buti laini zisizo na misumari, kisigino cha kulia kimefungwa kamba. Buti za Lackie, kama alivyoziona mahabusu. Pembeni yake kwato ndogo zisizo na chuma: poni. Kisha, penye jiwe la njia panda, zikaja buti nyingine, zenye misumari mipya, buti za Jumapili. Kuanzia hapo kwato ndogo zilikwenda na buti za misumari, kwanza kuelekea kwa mjane, kisha kurudi kinamasini. Buti za Lackie ziligeuka peke yake kuelekea mahemani.

Festus alisimama pale akavua kofia. Lackie alikuwa amekutana na muuaji uso kwa uso. Alijua ni nani, na alikuwa amekaa mahabusu na jina hilo mdomoni.

Kinamasini alama zilijieleza zenyewe. Kwato ndogo zilikuwa mbele, zikizunguka kila penye majani ya kijani kibichi, maana poni wa huku hujua toka tumboni mwa mama yake kwamba kijani kile ni mtego. Buti za misumari zilikanyaga pale pale zilipokanyaga kwato. Nyuma yake zilikuja kwato kubwa za chuma, na zenyewe hazikuzunguka kitu. Dume halikuvutwa na mtu. Lilikuwa linamfuata jike aliye kwenye joto, na lilimfuata kwa njia iliyonyooka.

Kwato ndogo zilitokea ng'ambo, nchi kavu, zikaenda mpaka ukutani na kupotea.

Ukuta ulikuwa mzima. Mawe makavu, bila saruji, bila lango. Huku hatuna malango. Ukitaka kupitisha mnyama unabomoa pengo, unapita, unalijenga upya nyuma yako. Anayeacha pengo wazi anasemwa vibaya kuliko anayemwacha mkewe. Festus alipitisha kiganja juu ya mawe yale. Kila jiwe lilikuwa na madoa meupe ya kuvu upande wa nje, uliopigwa na upepo. Isipokuwa sehemu moja, upana wa farasi. Hapo madoa yalikuwa yamegeukia ndani na kwingine yamepinduka chini.

Mtu alikuwa ametoka kuzamisha farasi wa jirani, kengele ya kumaliza Misa inakaribia. Na akasimama kupanga jiwe juu ya jiwe, kwa sababu mikono yake haikuwahi kufundishwa kuondoka bila kuziba. Mtu wa mahemani hana ukuta, wala hana desturi hiyo. Angepita barabarani.

Festus aliyafuata mapengo, ukuta baada ya ukuta, akipanda kilima na jua usoni. La mwisho lilimtoa kwenye ua wa Bartley Faherty.

Mzee Bartley alikuwa anamchana farasi jike wa kijivu, taratibu, kama baba anayemchana binti yake siku ya komunyo. Delia, mkewe, alikuwa mlangoni anamenya viazi.

"Karibu, Festus. Hukupita barabarani?"

"Nimepita kwenye mapengo yako, Bartley."

Chanuo likasimama.

"Mapengo ni ya kila mtu," alisema mzee.

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Kanisani. Nyuma, mlangoni, pamoja na wanaume wenzangu, goti moja juu ya kofia. Waulize."

"Nikiwauliza watasema ulikuwepo mwanzo mpaka mwisho. Wiki hii kila mtu hapa anasema uongo, hata sijui nianze na yupi. Naomba buti zako za Jumapili."

"Zina nini?"

"Misumari mipya."

"Nusu ya parokia wana misumari mipya. Umeshamshika Maughan, unataka nini kwangu? Maughan amesema nini?"

Aliuliza haraka mno. Festus alimwona akikaza taya, tayari kwa jibu aliloliandaa siku mbili: *mwongo yule, nani atamwamini fundi bati mbele ya Bartley Faherty?*

"Hajasema kitu," alisema Festus.

"Hajasema kitu gani?"

"Hajakutaja. Nilimwahidi kumwachia akinitajia mwenye jike tu. Akakataa. Leo nimempitisha sokoni na pingu, ulikuwepo?"

"Sikwenda."

"Alitembea ameinua kichwa. Wenyeji ndio walioinamisha. Alhamisi anakwenda Galway, na mkewe atajifungulia hemani bila yeye. Anasema alimpa mtu mkono."

Mlangoni kiazi kilianguka ndani ya ndoo.

"Alinipa mimi," alisema Delia.

"Delia, nyamaza."

"Nimenyamaza mpaka nimeoza, Bartley." Alijipangusa mikono. "Jike huyu nilimtoa mimi, Inspekta. Poni tunampeleka mnadani Agosti, watu wanamsifu, tunarudi naye nyumbani. Chotara wananunuliwa wakiwa bado tumboni. Vijana wetu wote wako Uingereza wanachimba mitaro. Nilitaka mmoja, yule mdogo, arudi akute kitu. Lackie akasema, mama, sitakutaja hata kwa padri. Tukapeana mikono."

"Na Jumapili?"

"Nilirudi kutoka Misa nikamkuta jike na tope hadi tumboni. Nikamwosha. Sikuuliza, kwa sababu nilijua." Sauti yake ilishuka. "Nilipika chakula, tukala. Na yule mtu yuko ndani."

Bartley alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye shingo ya jike. Alipoanza kusema, alisemea kwenye manyoya.

"Tom Keady alininong'oneza. Padri yuko katikati ya mahubiri. Anasema, Bartley, jike wako leo anasali kanisa gani? Na wote pale nyuma wakacheka. Ndani ya kofia zao, Festus. Mabega yanatikisika. Wale wale walioninyooshea mikono ukumbini. Nikatazama mmoja mmoja, nikaelewa kwamba hakuna asiyejua. Ni mimi peke yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mke wangu mwenyewe ndiye wa kwanza!"

"Sikuwa wa kwanza," alisema Delia. "Nilikuwa wa mwisho. Walinicheka mwaka mzima kisimani kwa kukutii."

Mzee alipokea maneno hayo kama mtu anayepokea kofi. Kisha akaendelea.

"Nikatoka. Njia panda nikakutana na Maughan anamrudisha. Nikasema, nipe kamba. Akanipa, akaondoka. Nikaenda kwa mjane, nikafungua banda. Sikumgusa yule dume. Nilitembea na jike mbele, yeye akaja. Nilifikiri akizama yeye, na kile kicheko kitazama." Alishika manyoya ya shingo ya jike. "Analia kama mtu, Festus. Jike alitaka kumrudia. Nikamvuta."

"Halafu ukaziba pengo."

"Niliziba?" Bartley aligeuka, macho yamemtoka. Hakukumbuka kabisa. "Ndiyo. Kondoo wa Keady wangetoroka."

"Na Maughan? Ulijua Jumapili usiku kwamba ameshikwa."

"Nilijua."

"Ulifikiri nini?"

Hili lilimshinda zaidi ya lile la farasi. Alianza kumchana jike tena, akaacha.

"Nilifikiri wao wamezoea," alisema Bartley Faherty.

Festus alitaka kumchukia, akashindwa, kwa sababu mawazo hayo hayakuwa ya Bartley peke yake. Yeye mwenyewe aliyafikiria Jumatatu asubuhi, akayafupisha yakawa neno moja. Alitoa karatasi akaandika maelezo ya mzee, Delia akashuhudia. Bartley alisaini, akaomba ruhusa ya kumfungia jike kwanza. Festus alimruhusu.

Kesho yake, Jumatano, Festus aliingia mahabusu mwenyewe na ufunguo.

"Bartley Faherty amekiri," alisema. "Uko huru."

Lackie hakusimama. "Nani kasema? Mimi sikusema."

"Hukusema. Delia Faherty amesema mwenyewe."

"Basi umwambie mama yule kwamba sikusema. Umwambie wewe, atakuamini."

"Anajua. Bwana Maughan, nilikukosea. Sikuchunguza. Nakuomba radhi."

Alinyoosha mkono. Lackie aliutazama mkono huo muda mrefu bila chuki, kama fundi anayekagua sufuria aliyoletewa. Hakuupokea.

Sajini Heraty, uso mwekundu, alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma, ule unaotokea kwenye ghala la makaa. "Pita huku, Lackie. Hutaonekana na mtu."

"Mliniingiza kwa huu?"

Sajini alifunga mlango.

Walitoka kwa mbele, Lackie na Inspekta, bega kwa bega. Habari zilikuwa zimeshawatangulia. Barabara kuu ilijaa watu waliojifanya wananunua vitu, na walipokaribia, maneno yakakatika duka hadi duka. Honor Lydon alikuwa kwenye ngazi za posta. Akageuka kusoma tangazo. Tom Keady alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Mama mmoja alianza, "Bwana Maughan, sisi hatuku..." na sentensi yake haikupata pa kwenda. Lackie hakumtazama yeyote kati yao.

Mwisho wa mji, lami inapokwisha na moshi wa mahema unapoanza kuonekana, alisimama. Nan alikuwa amesimama barabarani kule mbele, mkono mmoja juu ya tumbo, hajui bado kama akimbie.

"Nitakufikisha kwa mkeo," alisema Festus. "Nimwombe radhi na yeye."

"Hapana, afande. Pale huji."

"Nifanye nini basi, Lackie? Niambie."

Lackie alifikiri. Akaelekeza kidevu nyuma, kwenye ile barabara ndefu iliyonyooka, milango yote wazi, parokia nzima imesimama vizingitini ikiwaangalia.

"Rudi kwa njia hiyo hiyo," alisema. "Peke yako. Na usitembee haraka."

Akaenda kwa mkewe. Festus alisubiri mpaka walipofikiana, kisha akageuka, akaweka kofia kwapani na kuanza kutembea.